Daktari Aliyekataa Kung'oa

Kitu cha kwanza kilichowafanya watu wa Garissa wamchukie daktari wa meno ni kwamba alikataa kung'oa. Mtu alikuja ametembea siku mbili tatu, shavu limefura mpaka jicho limefungika, anaketi kwenye kiti na kusema neno moja tu: toa. Naye anajibu: sitoi. Mimi nilikuwa mkalimani wake, kwa hiyo lile "sitoi" lilitoka katika kinywa changu, na matusi yalinifikia mimi kabla hayajamfikia yeye. Mengine sikuyatafsiri.

Mzee mmoja muuza ng'ombe, aliyejua Kiswahili cha sokoni, alinipita mimi akamwambia mwenyewe, "Daktari, wewe toa hii jino ama toa roho yangu, yote moja."

"Roho si kazi yangu," daktari akasema. "Fungua."

Namwita daktari kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Yeye alisema cheti chake hakikufika huko, na kwamba nikimwandikia barua nisimwongezee cheo. Wasomali walimwita Ilko, yaani Meno. Alikotoka na habari za watu wake sikuziuliza, na alichonieleza mara moja moja hakikuhusu kazi, nakiacha. Ninazo daftari zangu za miaka ile, zile ambazo mchwa hawakuzila, na humo namwona nusu. Nusu nyingine ni kumbukumbu tu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Yeye aliamini hivi. Jino likioza mpaka ndani, usaha hushuka kwa mzizi, hutokea nchani, ukaanza kula mfupa wa taya. Kwenye picha ya eksirei mfupa mzima huonekana mweupe, na pale ulipoliwa pana doa jeusi, dogo kama punje ya mtama au kubwa kama dengu. Madaktari wengine wote waling'oa. Yeye alilitoboa jino kutoka juu, akauacha usaha utoke, akasugua ndani ya mzizi kwa vijisindano vyembamba sana, akaosha, akaziba kwa unga mweupe uliokorogwa na mafuta ya karafuu. Halafu akangoja. Alisema kazi ya mganga inaishia kwenye kusafisha, mfupa hurudi wenyewe.

Alichotaka kujua ni jambo moja. Je, mfupa hurudi vizuri zaidi ukiliziba jino siku ile ile, au ukiweka kwanza chokaa safi ndani ya mzizi, ukaiacha wiki kadhaa, ndipo uzibe? Ili asijidanganye, aligawa kwa zamu. Wenye namba witiri walipata chokaa, wenye namba shufwa hawakupata. Hakubadilisha hata siku moja, hata mgonjwa alipokuwa mke wa mkubwa. Kila mmoja alipigwa picha kwa ile mashine yake ndogo, akaambiwa arudi baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, apigwe nyingine.

Kurudi huko ndiko kulikokuwa na taabu, kwa maana ilikuwa vita.

Upande mmoja walikuwa shifta, waliotaka nchi yetu iende Somalia. Upande mwingine ilikuwa serikali. Nilikuwa na jamaa pande zote mbili, na nimeona pande zote mbili zikiua watu waliokuwa wamebeba maziwa tu. Asubuhi nyingine maiti zililazwa kwenye uwanja karibu na barabara ili watu wazione. Nyingine zilikuwa hazina viatu, na miguu yao ilikuwa miguu ya wachungaji kama miguu mingine yote. Asubuhi nyingine ilikuwa lori la askari limekanyaga bomu la ardhini njia ya Wajir, na walioletwa hospitali waliletwa kwa vipande ndani ya turubai. Shule nilisoma mpaka darasa la nne. Sijui kueleza jinsi vita vinavyoanza. Najua harufu yake tu, kwa sababu chumba chetu cha meno kilikuwa ukuta mmoja na chumba cha maiti.

Daktari hakuonekana kuisikia harufu hiyo. Alikula chakula chake cha mchana palepale, wali na maharage kutoka kwenye kibakuli cha bati. Alituhubiria sote kwamba sukari ni sumu, akamfukuza muuza halua kwenye lango la hospitali kwa fimbo, na mfukoni mwa koti lake jeupe mlijaa peremende. Nilimwambia siku moja. Akanitazama, akatoa moja, akaila taratibu mbele yangu.

"Meno yangu nayajua," akasema.

Na kweli alikuwa na meno mazuri, meupe, yaliyopangika. Alikuwa na majivuno nayo. Naliandika hili kwa sababu ya yaliyokuja kumpata.

Mikono yake ilikuwa mipole ndani ya kinywa cha mtu na mibaya nje yake. Nimemwona akikaa saa nzima juu ya mzizi mmoja bila mgonjwa kukunja uso, na nimemwona akimpiga kofi mwanamume mzima aliyejikung'uta katikati ya kazi na kuvunja kisindano. Walioletwa na makovu mashavuni, wale waliochomwa chuma cha moto na waganga wetu ili uvimbe ushuke, aliwafokea kana kwamba wamejichoma wenyewe. Lakini nitoe haki yake. Wawili kati ya hao aliwapiga picha, akaona usaha ulikuwa umepata njia ya kutokea pale pale pa kovu na doa la mfupa lilikuwa dogo kuliko alivyotazamia. Akaandika hivyo katika kitabu chake. Kisha akanituma nikamwite mganga aliyewachoma, akamuuliza maswali asubuhi nzima, chuma kiwe chekundu kiasi gani, kishikiliwe kwa muda gani. Mganga alirudi kwake akiwa mkubwa zaidi ya alivyokuja.

"Sasa utachoma na wewe?" nilimuuliza.

"Siwezi kuchoma. Lakini siwezi kuandika uongo pia."

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia mpaka nikawa nayatafsiri kabla hajayasema. "Maumivu yameisha, ugonjwa bado." Hilo aliwaambia waliotaka kuondoka mapema. Na "mfupa hauna haraka." Hilo alijiambia mwenyewe, akizitazama zile picha zilizoning'inia kwenye uzi dirishani kama samaki wadogo waliokaushwa.

Jambo moja alilishikilia kuliko yote. Katika kitabu chake hakutaka jina la mtu. Aliandika namba, jino gani, tarehe, chokaa au bila chokaa, basi. Nilimuuliza sababu.

"Nikijua jina lake nitamwonea huruma," akasema, "na nikimwonea huruma nitaona mfupa mahali ambapo hakuna mfupa."

"Na atakapotakiwa kurudi, tutamwitaje? Namba thelathini njoo?"

"Hiyo ni kazi yako, Mkalimani."

Ikawa kazi yangu. Nilichukua daftari nyingine, nikaandika kila namba na jina la mtu, la baba yake na la babu yake, na mahali ambapo watu wake hunywesha mifugo. Kwa herufi za Kizungu naandika polepole na kwa makosa, kwa hiyo niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, juu ya ubao wa mbao. Kila muda wa mtu ulipokaribia, niliwapa ujumbe wafanyabiashara wa ng'ombe waliokuwa wakipita. Ujumbe wangu ulifika Eldas, na mara moja ulifika mpaka Mandera. Mimi nilijivunia daftari ile. Sikufikiri hata kidogo kwamba nilichokuwa nikikiandika ni orodha.

Watu walirudi wachache. Njia zilifungwa, watu wakahesabiwa, wakatiwa kwenye vijiji vya kulindwa, na aliyeonekana nje bila kibali alichukuliwa kuwa shifta. Daktari akawa anatoa vikaratasi vyenye muhuri: mwenye barua hii anatakiwa hospitali siku fulani. Aliamini muhuri. Mimi pia niliuamini.

Mwanamke mzee, namba kumi na mbili, alikuja na kikaratasi chake kilipofika miezi sita. Kwenye kizuizi cha barabara alikuwepo konstebo Msomali, mtoto wa mjini tunayemjua wote. Alichana kile kikaratasi, akamwambia mama ajilaze chini, akamchapa kiboko mgongoni mbele ya watu. Mama aliinuka akaendelea kutembea mpaka kwetu. Aliketi kwenye kiti damu ikipita kwenye guntino yake, ile shuka aliyojifunga begani.

"Eeddo, amekupiga nani?" nilimuuliza, nikimwita shangazi kama ilivyo desturi.

"Mtoto wa mtu," akasema. "Mwambie Ilko nimekuja. Apige hiyo picha yake nirudi, mbuzi wako na mtu mwingine."

Daktari alipiga picha kwanza. Ndipo alipomsafisha mgongo. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Labda aliona kwamba mama amelipia picha ile kwa ngozi yake na hana haki ya kuichelewesha. Labda hakuuona mgongo mpaka alipomaliza na mdomo. Yote mawili yanawezekana kwake.

Mwishoni mwa kitabu chake alikuwa na ukurasa wa waliopotea. Nilipoletewa habari kwamba mtu fulani ameuawa, nilimwambia namba tu, naye akaandika namba na msalaba mdogo. Siku moja nilimletea tatu kwa mpigo, ndugu watatu waliopigwa risasi kisimani. Aliandika misalaba mitatu, akatupa kalamu ukutani. "Witiri wawili," akasema. "Witiri wawili siku moja." Nilimchukia siku hiyo. Lakini hakula chakula chake pia, kibakuli kilikaa mpaka jioni.

Sasa nimlete Kapteni, kwa maana bila yeye hadithi hii haina mwisho. Jina lake nalijua na silitaji. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuja kwetu na gego lililomliza. Alipata namba arobaini na sita, bila chokaa. Alirudi baada ya miezi sita bila kuitwa, sawasawa na siku yake, na daktari alimwonyesha picha mbili sambamba dirishani, doa kubwa na doa dogo.

"Kila mtu ana jino lake namna hii?" Kapteni aliuliza. "Hakuna mbili zinazofanana?"

"Hakuna," daktari akasema kwa furaha. "Mzizi ni kama uso. Na nikiiona ziba yangu, naijua kama mwandiko wangu."

Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nilisikia maneno hayo na sikuona ubaya wowote ndani yake.

Wiki zile lori jingine la askari lililipuliwa. Askari mmoja aliletwa taya la chini limening'inia kwa ngozi tu. Daktari alilifunga kwa waya, jino kwa jino, na yule kijana alikuwa akimshika mkono Kapteni mpaka alipokata roho saa ya alasiri. Kapteni alimfumba macho mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la nje, buti zake zimejaa damu ya watoto wake, maana ndivyo alivyowaita, watoto wangu. Naandika hili ili msomaji asidhani alikuwa mnyama. Alitaka mtu wa kulipa, na hakujua ni nani.

Siku ya tatu baadaye, jua likiwa utosini, Landrova ilisimama mbele ya chumba chetu. Askari wanne waliteremsha machela, wakaingia nayo, wakailaza sakafuni. Juu yake alikuwa mwanamume amepigwa risasi shingoni na kifuani, nzi tayari wapo. Nyuma yao aliingia Kapteni, na mlangoni akasimama yule konstebo aliyemchapa mama mzee.

"Huyu alikuwa na bunduki," Kapteni alimwambia daktari. "Wenzake walimkimbia. Hana karatasi, na hapa mjini kila ninayemuuliza hamjui. Mfungue mdomo. Kama aliwahi kupita kwako, nataka jina lake na la baba yake, nijue naenda kwa nani."

Sote tulijua maana ya kwenda kwa nani. Boma lingechomwa, ng'ombe wangepigwa risasi kisimani, na wanaume wangelazwa kifudifudi kwenye jua, wengine wasiinuke.

Daktari hakukataa. Ningependa kuandika kwamba alikataa. Alipiga magoti, akafungua taya lile lililoanza kukakamaa, akaingiza kioo chake kidogo, na nikaona mgongo wake ukibadilika. Alikuwa ameiona ziba yake. Alisogeza mashine, akapiga picha, akaingia kwenye kile chumba cha giza cha kuoshea. Kapteni alivuta sigara. Mimi nilimtazama yule maiti usoni, nami nikamjua. Alikuwa wa upande wa Eldas, alikuja na ng'ombe wa kuuza mwaka wa kwanza wa vita, akacheka muda wote kwa sababu ya ganzi. Watu wake wote wamo katika daftari yangu, na daftari yangu ilikuwa juu ya rafu ya pamba, hatua mbili kutoka kwa Kapteni.

Daktari alitoka na picha mbichi inayodondosha maji. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akacheka. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Alicheka kama mtu aliyeletewa habari za mtoto wake.

"Umejaa," akasema. "Mfupa umejaa wote. Thelathini na moja amerudi."

Kisha akageuka, na uso wake ukaniambia kwamba amesikia alichokisema.

"Thelathini na moja ni nani?" Kapteni akauliza.

"Sijui."

"Umesema amerudi."

"Namba imerudi. Jina sina. Tazama kitabu."

Kapteni alitazama kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Alikuta namba, meno na tarehe. "Hao watu uliwaitaje warudi? Walisikia ndotoni?"

Daktari alikuwa hajawahi kunitazama katika jambo gumu, na hakunitazama wakati huo. "Wengi hawakurudi," akasema. "Huo ndio msiba wangu."

Kapteni aliinua kidole tu. Askari mmoja alimpiga daktari kwa kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Ni sauti kavu, kama mtu anakanyaga vigae. Alianguka juu ya miguu ya maiti. Walimwinua.

"Jina."

"Sina," akasema, na vipande vikatoka pamoja na neno.

Wakampiga tena, safari hii taya, na likaenda upande. Mara ya tatu hakuweza tena kusema, alitikisa kichwa tu. Na mimi nilikuwa nimesimama na beseni. Neno langu moja lingekisimamisha kipigo kile. Ningesema majina matatu na daktari angebaki na taya lake. Siwezi kusema nilinyamaza kwa ajili ya watu wa Eldas. Nilikuwa naona tu kwamba kila anayefungua mdomo ndani ya chumba kile anapigwa humo humo mdomoni.

Askari walianza kupekua. Walimwaga dawa, wakachana bahasha za picha, na mmoja akavuta daftari yangu kutoka kwenye rafu akampa Kapteni. Akafungua. Akaona herufi za Kiarabu zimepangwa mistari mistari.

"Hiki nini?"

Nilijisikia nikisema, "Ni dua, Afande. Naisomea wagonjwa."

Kapteni alinitazama. Akageuka mlangoni. "Konstebo. Wewe ni mtu wa dini hii. Soma."

Konstebo alikuja, akaipokea daftari, akaishika kwa mikono miwili. Nilimwona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, na nilijua anasoma nini, kwa kuwa katika ukurasa ule ule, chini kidogo ya thelathini na moja, kulikuwa na mjomba wake. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akaanza, "Bismillahi Rahmani Rahim," akaendelea na Alhamdu yote, polepole, macho yamekaa juu ya majina, akageuza ukurasa katikati kama mtu anayefuata maandishi. Askari wawili waliinamisha vichwa. Mmoja alivua kofia.

"Amin," konstebo akasema. "Ni dua, Afande."

Kapteni aliichukua, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akairudisha juu ya rafu taratibu. Hilo nalo liandikwe kwa haki yake. Halafu akamwambia daktari, "Ungekuwa hukucheka, ningekuamini." Wakabeba machela, wakabeba kitabu cha namba na picha zote, wakaondoka.

Nilimshika daktari kichwa mpaka wauguzi walipokuja kumfunga taya. Jioni nilikwenda nyumbani, mtaa wa Galbet, nikaitia daftari kwenye moto wa kupikia chai, ukurasa baada ya ukurasa, mke wangu akiniuliza kwa nini nalia kwa moshi ule mdogo. Konstebo sikuwahi kumshukuru. Tulipokutana barabarani tulisalimiana kama zamani. Mama mzee hakuwahi kumsamehe, na mimi sikumwambia kitu cha kumfanya amsamehe. Sikuona kuwa ni haki yangu.

Kama msomaji anauliza faida, nasema ninachokijua. Watu wale wa Eldas walinyang'anywa ng'ombe hata hivyo, miezi michache baadaye, pamoja na wengine, kwa sababu nyingine. Lakini hakuna aliyelazwa kifudifudi kwa ajili ya maiti yule. Nimeuliza mara nyingi, na kila niliyemuuliza aliniambia hivyo. Huenda walitaka nipate usingizi.

Daktari aliondolewa Garissa taya likiwa bado limefungwa. Hakusema kwaheri kwa kuwa hakuweza kusema.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mingi, mimi nimeota mvi, na nilikuwa nakunywa chai kwenye mkahawa karibu na stendi ya mabasi mtu alipokuja kusimama mbele yangu na mkoba wa ngozi. Nilimjua kwa mikono. Uso ulikuwa mwingine. Taya liliunga vibaya, likavutika upande wa kushoto, na mbele kinywani hamkuwa na kitu. Alikuwa hajaweka hata meno ya bandia.

"Mkalimani," akasema. Nilimwelewa kwa shida.

Nilimwagizia chai. Aliinywa kwa pembe ya mdomo. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutengenezwa, mtu kama yeye.

"Mfupa ulikufa pale," akasema, akigusa. "Niliwaonyesha madaktari la kufanya. Waling'oa." Nilidhani anatania. Hakuwa akitania.

Alikuja kutafuta wagonjwa wake. Alikuwa ameandika upya kitabu chote kwa kichwa, namba zote, na alikuwa na mwezi mzima akizunguka Garissa na Wajir akiomba watu wafungue midomo. Alikuwa amewapata wanne.

"Na chokaa?" nilimuuliza. "Ni bora kwa chokaa au bila?"

"Sijui. Watu walikufa kabla mfupa haujaamua." Akazungusha kikombe. "Na mmoja tu katika wote nilimwona mfupa wake umejaa kabisa. Yule."

Watu walikuwa wakipakia magunia juu ya basi, wanagombana kwa Kisomali na Kiswahili.

"Nataka jina lake," akasema.

"Wewe? Hukutaka majina."

"Sikutaka."

"Basi kwa nini sasa? Huwezi kumwandika popote."

Alisukuma kikombe kando. "Mtu alilazwa mbele yangu amekufa," akasema, "na mimi nikafurahi. Unakumbuka? Nilifurahi kweli. Ilikuwa siku yangu njema katika kazi ile yote. Nimechoka kuifurahia namba. Nataka kujua ni nani niliyemfurahia."

Nilitazama nyuma yangu, mazoea ya wakati ule. Sikuwahi kulitamka jina lile tangu lilipoungua. Mama yake mwenyewe sikumtamkia. Hata hapa sitaliandika, watu wake wapo. Lakini yeye nilimwambia, jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kama tunavyotajana sisi, pale mezani, kwa sauti ya kawaida.

Akajaribu kulirudia. Bila meno ya mbele halikutoka. Lilitoka pumzi tu na mate, na muuza chai akageuka kututazama. Nikamtajia tena. Akafuta mdomo kwa kiganja, akajaribu tena, jina la kwanza peke yake, halafu la baba, akisukuma ulimi kwenye ufizi mtupu kutafuta mahali pa kuushika, na nikamngoja mpaka akayasema yote matatu.